Vijana wa programu, punguzeni masharti

Ndugu mhariri, naomba kanafasi kadogo. Nafundisha vijana kuandika programu na kinachoniuma ni hii tabia ya kupachika sharti, yani lile swali la "kama" kwenye programu, ndani ya sharti ndani ya sharti kama masufuria yaliyobebana, walimu wenzangu tuikemee mapema. Juzi kijana kaniletea kazi ya kukagua kama namba kwenye orodha zimepangwa toka ndogo kwenda kubwa. Kaanza, kama orodha si tupu, ndani yake kama ina zaidi ya namba moja, ndo lupu, yani sehemu inayorudia kazi ileile kwa kila namba, ndani ya lupu kama namba hii haijazidi inayofuata weka ndiyo, la sivyo weka hapana. Nikaipa 3, 9, 4, 7 ikajibu ndiyo! Yani 4 na 7 za mwisho zimefuta ile hapana ya 9 na 4. Jamani, si uulize swali moja tu, hii imezidi inayofuata? Ikizidi rudisha jibu la hapana palepale utoke, lupu ikiisha salama rudisha ndiyo. Orodha tupu au ya namba moja haina cha kulinganisha, inapita yenyewe, kwa hiyo yale masharti mawili ya juu hayana kazi. Tukayafuta, likabaki hilo moja la kutoka palepale, tukaipa tena namba zilezile ikasema hapana.

Mwalimu wa kompyuta, Morogoro