Barua kwa mwanangu: wale kirukanjia wa stoo

Marahaba mwanangu, huku tuko poa, mvua zimeanza. Wiki iliyopita nilikuwa nahamisha magunia stoo, nyuma ya lile la pumba nkakuta kiota cha majani makavu na vipande vya sandarusi, ndani vitoto vinne, uchi kabisa macho yamefumba, nikanyanyua ufagio nikijua panya hawa, ile harufu ikanipiga puani, kumbe kirukanjia.

Unakumbuka ulivyokuwa mdogo ulinikuta nimeua mmoja pale uani ukalia weee, mi nikakwambia hata nisingemuua angekufa tu akikatiza njia ya watu, ndo maana akaitwa kirukanjia? Basi nilikudanganya, na mimi nilidanganywa na bibi yako. Wengine tunaowakuta wamekufa njiani ni paka kawaua, alafu akionja ile harufu ya tezi za ubavuni anawatema anaenda zake. Na wala si panya, panya anatafuna mahindi yetu, huyu kafuata mende, ukoo wake uko karibu na kalunguyeye.

Nikaweka ufagio chini. Maisha yao yanakimbizana sana aisee: mimba kama mwezi mmoja, wiki 3 hivi wameshaacha kunyonya, miezi miwili haijaisha sana jike naye anaweza kubeba mimba yake. Wa porini akifika mwaka na nusu huyo ni mzee wa kuamkiwa.

Sasa jana jioni ndo nikaachwa mdomo wazi, mama anawahamisha! Wa kwanza kauma manyoya ya mama pale shina la mkia, wa pili kamuuma wa kwanza, hivyo hivyo mpaka wa mwisho, treni linapita pembeni ya ukuta, mama akikata kona na wao wanakata. Kufika kwenye ndoo wa mwisho akaachia. Akabaki analia, kasauti kembamba hata mama yako hakukasikia, nikasema huyu ndo basi tena, mara mama mtu akageuka na treni lake zima akarudi, kale kadogo kakapapasa kakapata manyoya ya mwenzie kakauma, wakaondoka. Wakakatiza ile njia ya kwenda chooni mbele ya miguu yangu, wote 5, wakaingia kwenye matofali wazima.