Risala ya Wanafunzi wa Mafunzo ya Nyumbani ya Wasaidizi wa Daktari wa Mifugo, Pongwe, Tanga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Wakufunzi wetu,
Wazazi, pamoja na waume na wake zetu mliotuvumilia,
Wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Assalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa uzima, na wewe Mheshimiwa kwa kukubali mwaliko wetu. Watu wa Tanga tuna usemi wetu, waja leo waondoka leo. Wewe tunakuomba usiondoke kabla ya kunywa mtindi, maana umetoka kwa ng'ombe walewale tuliowafanyia mazoezi, na wanastahili shukrani kuliko sisi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tulianza watu 23, leo tumesimama 14 mbele yako. Kati yetu wapo akina mama wenye watoto wachanga, vijana wawili wa bodaboda, mlinzi wa usiku na mzee mmoja mwenye wajukuu. Hakuna ambaye angeweza kuacha nyumba yake akakae bwenini. Ndiyo sababu wakufunzi wetu, maafisa mifugo wawili wastaafu, walikubali kutufundisha kwa simu. Somo lilikuja kwa sauti kwenye kundi la WhatsApp, mwenye bando akalipakua, asiye na bando akaenda kulisikiliza kwa jirani. Wengi wetu tumesoma magonjwa ya ng'ombe simu ikiwa imetundikwa kwenye msumari wa banda, mikono ikikamua. Jumapili tulikutana kwa mfugaji mmoja ili mkufunzi aone kama tuliyoyasikia yamefika kwenye vidole.

Mara nyingi yalikuwa hayajafika. Kuchoma sindano tulijifunzia kwenye papai, na kushona ngozi kwenye ganda la ndizi. Lakini papai halirushi teke. Siku ya kwanza ya kupima joto la ng'ombe, kipimajoto kilivunjika, na aliyekishika akaangukia kwenye hori. Tangu siku hiyo tulielewa kwa nini mkufunzi alirudia kutuambia, mfunge kwanza, msemeshe, ndipo umguse.

Tuliyojifunza hayatufanyi madaktari, na hilo tunalisema wazi mbele ya wafugaji waliopo hapa. Kazi ya msaidizi ni kumwandalia daktari njia. Mwezi wa nne wa mafunzo, jirani wa mwenzetu alikuwa na ndama aliyekataa kunyonya. Zamani angempigia bwana mifugo na kusema tu, "ndama anaumwa," halafu bwana mifugo aje kwa pikipiki kutoka mbali, aangalie, arudi kufuata dawa. Safari hii mwenzetu alipima: joto nyuzi 41, wakati la kawaida halizidi sana 39. Akapapasa chini ya sikio na mbele ya bega, akakuta matezi yamevimba. Akafunua masikio, kupe wamejaa. Akayasema hayo matatu kwenye simu. Daktari alishuku ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, palepale, akaja na dawa mkononi, akathibitisha na kutibu siku hiyohiyo. Ndama yule sasa ni mtamba, amefungwa pale nyuma ya turubai.

Tumejifunza pia kukadiria uzito kwa utepe wa kifuani ili dawa isipimwe kwa macho, kutunza chanjo katika nyuzi 2 hadi 8, na kumkumbusha mfugaji kwamba maziwa ya ng'ombe aliyechomwa dawa hayauzwi mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe. Hili la mwisho limetuletea ugomvi na baadhi ya majirani. Tumejifunza na ya kutogusa: mzoga unaotoka damu puani ambayo haigandi haupasuliwi, huenda ni kimeta, ugonjwa hatari unaoambukiza hata watu. Na aliyeng'atwa na mbwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali bila kupitia kwa mganga.

Mheshimiwa, lipo jambo linalotuuma. Wenzetu wawili, kabla ya kujiunga nasi, walilipia masomo kwenye chuo kimoja cha mtandaoni. Walipata cheti kizuri chenye muhuri wa dhahabu. Walipokipeleka kuombea kazi waliambiwa hakitambuliki. Ada ilikuwa imetokana na kuuza mbuzi. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inataka anayetoa huduma hizi awe ametambuliwa na Baraza la Veterinari, na vyuo vya ufundi vinasajiliwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi. Laiti wangeuliza huko kwanza. Sisi wenyewe hatuna cheti cha kukuonyesha leo, tuna madaftari, na tumeona ni heri kusema hivyo.

Kwa hiyo ombi letu ni hili. Kampasi ya Buhuri ya Wakala wa Mafunzo ya Mifugo ipo hapahapa Tanga. Wanne kati yetu wana sifa za kuomba astashahada, na tunakuomba utusaidie kuonana na uongozi wa kampasi ili waelekezwe. Kwa sisi kumi tuliobaki, wewe ni daktari wa mifugo kwa taaluma: turuhusu tufuatane na wataalamu wako siku za chanjo na za josho, tushike kamba, tubebe kisanduku cha barafu, tuandike rejista. Hatudai posho. Simu imetufundisha kadiri ilivyoweza, sasa tunahitaji kusimama pembeni ya mtu anayejua.

Na kama itawezekana, kipimajoto kimoja, badala ya kile cha kwenye hori.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi wanafunzi wako,
Pongwe, Tanga.