Timu ya magongo ya chuo isiishi kwa kutembeza bakuli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie fedha za michezo vyuoni, jambo ambalo sisi wazazi wa Pemba hulitambua pale kijana anapopiga simu kuomba nauli ya boti ya kwenda Unguja kuichezea timu ya chuo chake.

Mwanangu hucheza mpira wa magongo. Gongo lake limepasuka na kuzungushiwa vipande vya tyubu ya baiskeli, na pedi za kipa wao ni sponji la godoro lililoshonewa turubai. Chuo hutoa jezi tu, tena za kurudisha.

Hata kwa matajiri hali si shwari. Chuo Kikuu cha Alaska Anchorage, Marekani, kiliamuliwa mwaka 2020 kifute timu yake ya magongo ya barafuni kwa sababu ya upungufu wa ruzuku ya jimbo, isipokuwa wapenzi wake wachangishe dola milioni 3, yaani gharama za misimu miwili. Zilipatikana Agosti 2021, na mwaka 2022 timu ikarudi uwanjani. (Barafu, nakiri, ni ghali kuliko mchanga wetu.)

Kilichonivutia ni kwamba wachangiaji walitajiwa kiasi na muda, ilhali sisi tunachangishwa kila safari bila kuonyeshwa bajeti. Naomba uongozi wa chuo utangaze mapema gharama za msimu mzima na useme utatoa kiasi gani, ili wazazi, pamoja na wahitimu walioko Unguja, Dar es Salaam na Oman, tujue pengo la kuziba.

Mzazi,
Wete, Pemba