OK haikuzaliwa vitani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nisahihishe jambo dogo lililonikera. Makala moja mliyoichapa wiki iliyopita ilidai kwamba neno OK, ambalo wengi wetu tumezoea kulitamka “okei”, lilianzia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, pale makamanda walipoandika sifuri na herufi K, ya neno la Kiingereza “killed” (waliouawa), kuonyesha kwamba siku hiyo hakuna askari aliyeuawa. Hadithi hiyo inanoga, lakini tarehe zinaikana: vita hivyo vilianza mwaka 1861, ilhali neno lenyewe lilikwisha kuchapwa gazetini miaka 22 kabla.

Gazeti hilo ni Boston Morning Post, toleo la Machi 23, 1839. Siku hizo waandishi wa Boston walikuwa na mzaha wa kufupisha maneno kwa herufi za mwanzo, tena baada ya kuyaharibu tahajia kwa makusudi, kama vijana wetu wanavyoandika “xaxa” badala ya “sasa” kwenye simu zao. “All correct”, yaani yote ni sahihi, wakayaandika “oll korrect”, na kifupisho chake kikawa o.k. Vifupisho vingine vya mzaha huo, kama O.W. cha “oll wright”, havikudumu.

Hiki kilibebwa na siasa. Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren, mzaliwa wa Kinderhook katika jimbo la New York, aligombea muhula wa pili, na kwa kuwa alipewa lakabu ya Old Kinderhook, yaani Mzee wa Kinderhook, wafuasi wake walianzisha vikundi vilivyoitwa O.K. Club. Uchaguzi wenyewe alishindwa na William Henry Harrison, ila herufi zake mbili zilikwisha kuenea. Aliyeyafukua haya yote ni Allen Walker Read wa Chuo Kikuu cha Columbia, katika makala alizochapisha miaka ya 1963 na 1964.

Nami nina la kukiri. Kwa miaka yote niliyofundisha niliandika OK kwa wino mwekundu pembezoni mwa madaftari ya wanafunzi, hata ya imla, bila kujua kwamba nazipitisha tahajia zao kwa neno lililotokana na tahajia mbovu. Wao siwezi tena kuwaita niwaeleze. Mwandishi wenu bado ana toleo lijalo.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro