Barua kwa Neema, kabla hajaanza kazi ya uwakili

Lancaster, Pennsylvania, Jumapili usiku

Neema mwanangu,

Simu ilikatika kabla sijakujibu. Ulisema wakili hachagui mteja, ukacheka, na mama yako akacheka. Mimi usingizi haukuja.

Leo nimepita tena makaburini, pale Mtaa wa Chestnut, alipolala Thaddeus Stevens. Mambo yake ya Bungeni, yule mbunge wa Marekani aliyepinga utumwa, na marekebisho ya katiba ya 13 na ya 14, yaliyofuta utumwa na kuwapa waliokuwa watumwa uraia, unayajua kunishinda. Watu humsifu kwa kaburi lile: alikataa kuzikwa penye ubaguzi wa rangi, akachagua panapopokea kila mtu. Sawa. Mimi namwazia Charity Butler, mtumwa.

Sheria ya Pennsylvania ilitaka mtumwa akishaletwa huku akakaa miezi sita awe huru. Charity aliletwa kutoka Maryland, akarudishwa, akaletwa tena. Ukijumlisha siku, miezi sita ilitimia. Mwaka 1821 Stevens, wakili kijana wa Gettysburg, alimtetea mwenye mtumwa. Akasema miezi hiyo lazima iwe mfululizo. Akashinda, na mama yule na watoto wake wakabaki watumwa. Umeona hoja ilivyokaa vizuri? Hapo ndipo ninapoogopa, maana wewe hoja za namna hiyo unazitoa hata ukiwa unaosha vyombo.

Usiniambie baadaye alibadilika. Alibadilika, akatetea watumwa waliotoroka bila kuwatoza senti. Charity alipata nini?

Basi uliza kwanza nani amekaa upande wa pili. Hata mkalimani inampasa aulize. Siku ile nilipotafsiri mahakamani kwa ajili ya mwenye nyumba, sikugeuza neno hata moja, na nililipwa siku hiyohiyo. Mpangaji wa upande wa pili, yule mama tuliyekuwa naye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, bado ananisalimia kanisani. Afadhali angeninunia.

Habari ya suti nimeipata kwa kaka yako. Ungeniambia, ningechanga. Picha yako nimewaonyesha kiwanda kizima, mpaka msimamizi, asiyempenda mtu.

Hita imeanza tena kugoma usiku. Fundi anasema Alhamisi. Mguu wa mama yako umepungua kuvimba ila hataki kukaa chini. Amekuwekea sombe kwenye friza, na dagaa wamefungwa mara tatu ili basi lisinuke.

Ukifika Philadelphia piga simu, hata kama ni usiku. Uniambie kesi ya kwanza ni ya nani dhidi ya nani. Na ile sufuria kubwa uliyoondoka nayo Pasaka, mama yako anaiulizia.

Baba yako