Wahadhiri wa jinai na vidole vya wakata mkonge

Mhariri,

Mjukuu wangu alinisomea kwenye simu tangazo la chuo kikuu kimoja kinachotafuta wahadhiri wa elimu ya jinai, uchunguzi wa vielelezo, na masomo ya lugha na jamii. Mhadhiri msaidizi awe na uzamili wa GPA, yaani wastani wa alama, 4.0 na shahada ya kwanza isiyopungua 3.8. Nikacheka. Nimechukua alama za vidole miaka 27 katika mkoa huu wa Tanga, na cheti changu ni cha kidato cha nne.

Usomi siupingi. Ila nani atamwonyesha mwanafunzi kidole cha mzee aliyekata mkonge tangu ujana? Mistari imelika, ukipaka wino ovyo unapata doa tupu. Sisi tulimwosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, tukamkalisha kivulini jasho likauke. Wino kiduchu, kisha kidole unakiviringisha mara moja tu, ukucha hadi ukucha. Dole gumba kuelekea kwake, vingine kumtoka. Ukikandamiza, mistari inashikana. Tena unamwambia, "Babu, legeza mkono, tazama kule dirishani," maana akikusaidia tu, kadi ya alama zake imeharibika.

Kozini tulifundishwa kuwa mfumo wa kupanga alama hizo ni wa Mwingereza Edward Henry, mkuu wa polisi wa Bengal. Nilikuja kujua uzeeni kwamba kazi kubwa ya kugawa kadi katika visanduku 1,024 ilifanywa na maofisa wake wa Kihindi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Ofisi yao ilifunguliwa Kolkata mwaka 1897. Jina likabaki la bosi. Sina haja ya kuitwa mhadhiri, lakini hata mwalimu wa mazoezi, siku mbili kwa wiki, hamna?

Hao wa lugha waajiriwe upesi. Kijana wetu mmoja alichukua maelezo ya mama muuza samaki aliyemwona mtuhumiwa "saa mbili usiku", watu wakitoka kuswali isha. Kwenye ripoti ya Kiingereza akaiandika mbili vilevile, yaani saa nane za usiku! Wakili wa utetezi hakuhitaji jingine. Mteja wake saa nane alikuwa ndani ya basi la Dar. Sheria ya mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, lakini maelezo mabovu ni mabovu kwa lugha yoyote. Kumsikiliza shahidi na kuandika alichosema, si ulichodhani, kunahitaji mwalimu, na huyo simwoni kwenye maabara.

Mimi bado nina rola yangu ya kusambazia wino, imefungwa kwenye kanga kabatini. Chuo kikinihitaji, kilete wino na kadi.

Mpelelezi mstaafu,
Makorora, Tanga