Lipu ya saruji niliyoishauri mwenyewe

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mimi ni kijana wa Unguja, nasoma usanifu majengo Istanbul, huu mwaka wa tatu ukitoa ule wa mwanzo ulioishia wote kwenye kujifunza Kituruki.

Nilikuja na ndoto za maghorofa ya vioo, nikakuta tunapelekwa Ayasofya, jengo la kale la ibada lenye kuba kubwa, kila mara hadi nikachoka. Lile jengo lilimalizika mwaka 537, kama miaka 20 baadae kuba likaanguka kwa mitetemeko, wakalijenga tena na kuliinua zaidi lisizisukume kuta, halafu karne ya 16 msanifu wa Kiosmani, Sinan, akaziongezea kuta nguzo za kuegemea. Yani ni ukarabati tu karibu miaka 1,500, na bado hawajamaliza.

Lakini kilichonishika ni darasa la udongo wa kujengea. Kuna mchanganyiko wa zamani wanauita horasan, unaponda matofali, unachekecha, unachanganya na chokaa iliyolowekwa siku nyingi, mikono inachunika kweli kweli. Mwalimu akatueleza ukuta wa chokaa unakunywa unyevu na kuutoa wenyewe, ukiuziba kwa saruji maji yanakosa pa kutokea yanakaa ndani yanautafuna. Jioni nikampigia bibi kwa video nimuonyeshe, akacheka mpaka akakohoa, eti "kwani hiyo si chokaa? Baba angu akiiloweka shimoni pale uani, ndo umepanda ndege kwenda kuisomea?"

Sikucheka. Kabla sijaondoka baba alitaka kuikarabati nyumba ya bibi ya Mji Mkongwe, mtaa wa Malindi, fundi mmoja mzee akasema pigeni lipu ya chokaa, mimi na kiherehere changu cha fomu six nikamwambia hayo mambo ya kizamani, saruji ndo ina nguvu. Baba akanisikiliza mimi! Sasa hivi ile lipu imevimba, inabanduka mapande mapande na mawe ya matumbawe yanatoka nayo, chumvi nyeupe imejaa ukutani na boriti moja imeshaanza kuoza kichwa pale inapoingia ukutani.

Tangu sehemu ya Beit al Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe, ianguke Disemba 2020 tunazungumzia majengo makubwa tu, ila Mji Mkongwe uliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2000 ukiwa na nyumba za watu kama ya bibi, na hizo ndo tunazipaka saruji kila siku wenyewe. Mhariri, watumeni waandishi wenu wawatafute mafundi wa chokaa waliobaki, waandike wanachoma vipi, wanaloweka siku ngapi, bei gani, maana mimi huku nasoma ya Waturuki na ya kwetu siyajui.

Yule fundi mzee yupo, nimempigia nikamuomba radhi. Kasema kazi ataifanya, ila nikirudi likizo nitamchekechea mchanga mimi mwenyewe.

Mwanafunzi, Istanbul